Dawa ya Carnivore: kokteli niliyoifanya yangu

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuagiza kile alichoagiza aliyeketi karibu nami. Mojito niliijaribu nikaona mnanaa unafunika kila ladha nyingine, na margarita ilinishinda kwa ile chumvi ya ukingoni mwa glasi. Kisha nilikwenda Carnivore, mkahawa wa nyama choma uliopo Lang'ata, Nairobi, tangu 1980, nikaonjeshwa Dawa.

Dawa ni vodka, ndimu, sukari, asali na barafu. Chimbuko lake ni caipirinha ya Brazili, ambayo hutengenezwa kwa cachaça, pombe kali ya miwa; huku Nairobi pakawekwa vodka na kuongezwa asali, na asali hiyo ndiyo iliyoniteka. Mhudumu alifika mezani na sinia yake, akaponda vipande vya ndimu na maganda yake pamoja na sukari katika glasi fupi, akajaza barafu iliyopondwa, akamimina vodka, halafu akachovya kijiti katika asali nzito, akakizungusha mpaka donge likashika nchani, akakichomeka katika glasi na kunikabidhi.

Kuanzia hapo kazi ni ya mnywaji. Asali ikikutana na barafu hukaza, kwa hiyo ukikiacha kijiti kitulie, kinywaji hubaki kichachu na chenye makali. Ukikoroga na kuzigandamiza ndimu, utamu hupanda kidogo kidogo. Nusu ya kwanza naipenda chachu, pamoja na nyama yenye mafuta, na nusu ya pili naikoroga taratibu baada ya kula.

Si kila mahali inatengenezwa hivyo. Katika baa moja ya hoteli niliwahi kuletewa maji ya ndimu ya chupa yaliyochanganywa na sharubati ya sukari, bila asali wala kijiti, nami nikairudisha kwa heshima, kwa sababu hiyo haikuwa Dawa. Tena, katika migahawa mingi ya Nairobi ukisema "dawa" tu utaletewa kinywaji cha moto cha tangawizi, limau na asali, kisicho na kileo, ambacho watu hunywa wakishikwa na mafua. Ni kizuri sana, lakini ni kingine.

Sasa naagiza yangu bila sukari kabisa, ndimu ziongezwe, na kijiti cha pili chenye asali kiletwe pembeni.