Kozi ya Kiingereza ya jioni hapa Dodoma: nilitozwa faini kwa kuuliza swali la kitenzi

Sina desturi ya kuandika maoni kuhusu huduma ninazolipia. Nimelala katika nyumba za wageni ambazo bomba halikutoa tone, nimesafiri kwa basi lililoharibika usiku kati ya Singida na Nzega, na mara zote hizo nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu nilitozwa faini darasani kwa swali ambalo mwalimu yeyote wa lugha alipaswa kulifurahia, na jibu nililonyimwa likaja kuitesa ofisi yetu kwa siku kadhaa.

Mimi ni Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambako Kiswahili ndiyo lugha ya baraza na ya soko, lakini shule nilisoma kwa Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikafanywa kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, wakati ambao watu wa rika langu tulikuwa tumeshamaliza shule na hakuna aliyeturudisha darasani. Hapa Dodoma ninafanya kazi katika ofisi ya usafirishaji wa mizigo, na malori tunayoyafuatilia hutoka bandari ya Dar es Salaam, hupita hapa, kisha huelekea Singida na kuendelea hadi mpaka wa Kabanga. Madereva ninaongea nao Kiswahili na wapokeaji wa Bujumbura ninaongea nao Kifaransa, ila barua za wauzaji wa ng'ambo ni Kiingereza kitupu, nami ndiye ninayezijibu.

Nilijiandikisha mwaka juzi, mwishoni mwa kiangazi, pale upepo wa Dodoma unapoingiza vumbi hata ndani ya madaftari. Kituo chenyewe sitakitaja. Kiko ghorofani, si mbali na Sabasaba, na ada yake ni shilingi 90,000 kwa mwezi, ambayo hulipwa ya miezi mitatu kwa mkupuo kabla hujaona hata ubao. Tangazo lao lilisema wana darasa maalumu la watu waliosoma kwa Kifaransa, na hilo ndilo lililonivuta. Tulikuwa Warundi, Wakongo wawili kutoka Uvira na mama mmoja wa Bukavu. Ukutani palibandikwa karatasi inayokataza Kiswahili, na juu ya meza ya mwalimu palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko kwa ajili ya faini, shilingi 500 kwa kila kosa.

Nitasema kwanza yaliyo mema, maana yapo, na haki lazima itendeke. Mwalimu yule alijua masikio yetu yana tatizo gani. Katika Kifaransa, mwisho wa kitenzi mara nyingi huandikwa bila kusikika: parle, parles na parlent zina herufi tofauti na hutamkwa sawasawa kabisa. Aliyekua na mazoea hayo huidondosha s ya nafsi ya tatu ya Kiingereza pasipo kujua, akasema he work, na hata anapoisoma kwenye karatasi ulimi wake huiruka. Mwalimu aliligundua hilo siku ya kwanza, akatukalisha wiki nzima tukitamka he works, she waits, it costs. Alitufundisha pia kwamba ed ya worked huishia kwa sauti ya t, ya played kwa sauti ya d, na kwamba silabi huongezeka tu pale kitenzi chenyewe kinapoishia na t au d, kama wanted. Nilikuwa nikisema work-ed tangu ujana wangu, na hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Msaidizi wake, dada mpole aliyekuwa akishika darasa siku za Alhamisi, alitupa somo zuri zaidi. Alieleza kwamba tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yalihamia katika Kiingereza, na mengine hayana tena maana ileile pande zote mbili. Kwetu demander ni kuomba, ilhali demand ni kudai kwa nguvu. Attendre ni kusubiri, ilhali attend ni kuhudhuria. Rester ni kubaki, ilhali rest ni kupumzika, ingawa hayo mawili hufanana tu kwa sura, hayakutoka shina moja. Mwenzetu mmoja wa Uvira alishika kichwa, kwa kuwa barua zake zote za kuomba ruhusa kwa mkuu wake zilianza na I demand. Kama kozi nzima ingeshikwa na dada yule, leo ningekuwa ninawaelekeza watu mahali pa kulipia.

Sasa nije kwenye jioni yenyewe.

Kwa asiyejua Kifaransa, lazima nieleze kidogo. Kifaransa kina wakati uliopita wa neno moja, ambao siku hizi umebaki hasa vitabuni. Katika mazungumzo, kazi yote hubebwa na ule wa maneno mawili, unaojengwa kwa kitenzi cha kuwa na au cha kuwa. J'ai vu ni niliona, na pia ni nimeona. Il est arrivé ni alifika, na pia ni amefika. Ndiyo maana mtu wetu akigeukia Kiingereza husema I have seen him yesterday, jambo ambalo Kiingereza hakilikubali, kwani have haikai pamoja na yesterday. Au husema I am arrived, kwa kuwa arriver, yaani kufika, na wenzake kama aller (kwenda) na venir (kuja) huchukua kitenzi cha kuwa. Si uvivu wala si ujinga. Ni ukuta ambao mtu haoni hata kwamba upo.

Jioni hiyo tuliambiwa tuandike sentensi za kazini kwetu. Niliandika ubaoni The truck is not arrived, nikiwa na il n'est pas arrivé kichwani. Mwalimu alifuta, akaandika The truck did not arrive, akasema kwamba jambo lililopita likikanushwa ni did not na kitenzi kitupu, na kwamba tusimchoshe kwa mengine. Niliitazama sentensi ile nikahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu zote: "Samahani, mwalimu, hiyo ni halikufika au halijafika?"

Hakujibu. Aliweka kalamu mezani, akalisukuma kopo mbele, akasema: "Mia tano." Darasa likacheka. Nilidhani hakunielewa, nikaanza kumfafanulia kwamba kwetu hayo ni mambo mawili tofauti. Akasema kwa Kiingereza kwamba anayefikiri kwa Kiswahili hatakijua Kiingereza mpaka afe. Kisha akageuka, akaniambia kwa Kiswahili, ambacho yeye mwenyewe hakukilipia faini: "Wewe Mfaransa, ukitaka Kiswahili nenda darasa la kwanza." Nina mke na watoto watatu. Nilisimama mbele ya watu, nikatoa sarafu ya shilingi 500, nikaisukumiza kwenye tundu la kopo.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, lakini hasira yangu si ya fedha. Swali langu lilikuwa swali sahihi. Kifaransa chetu cha kusema hakitofautishi halikufika na halijafika mpaka uongeze neno jingine. Kiswahili hutofautisha kwa silabi moja tu, ku au ja. Na Kiingereza, lugha ileile tuliyokuwa tumeilipia, hutenganisha mahali palepale: did not arrive ni halikufika, has not arrived ni halijafika. Niliona ni saw, nimeona ni have seen. Hata lile kosa letu la kusema I live here since two years, linalotokana na depuis ya Kifaransa, yaani tangu, pamoja na kitenzi cha wakati uliopo, hunyooka ukianza na nimeishi hapa kwa miaka miwili, kwa kuwa nimeishi inakupeleka moja kwa moja kwenye have lived, na kwa inakupeleka kwenye for. Watu sita tulikuwa tumekaa mbele ya mlango ulio wazi, na mwenye darasa akatutoza kwa kuuonyesha kidole.

Wiki ileile, au pengine iliyofuata, lori letu lilivunjika gia karibu na Manyoni. Mwenye bidhaa, muuzaji aliyeko Mumbai, aliandika kuuliza kama mzigo umefika Kabanga. Nilimjibu kama nilivyofundishwa, nikijivunia kwamba sasa sentensi yangu haina kosa: The truck did not arrive. Sikuongeza kitu. Yeye alisoma kwamba lori halikufika, yaani mambo yameisha, mzigo umepotea. Akawaarifu watu wake wa bima, akazuia shehena iliyokuwa inafuata, akampigia meneja wetu alfajiri. Lori lilivuka mpaka siku chache baadaye bila kupungukiwa na gunia.

Meneja wangu ni Mgogo wa Bahi, mtu asiyepandisha sauti. Alifungua barua yangu, akaisoma mara moja, akasema: "Ndugu yangu, umemwambia halikufika. Ulipaswa kumwambia halijafika." Akaandika mwenyewe The truck has not arrived yet, akaniachia nakala. Jibu nililolipishwa faini kwa kuliomba nilipewa bure, kwa pumzi moja, na mtu ambaye hajawahi kufundisha lugha.

Nimejitahidi kumtetea mwalimu yule moyoni. Kiswahili si ufunguo wa kila kufuli, na hilo nimelijua baadaye kwa kuhangaika. Kiambishi me hubeba pia hali: nimechoka ni I am tired, amelala mara nyingi ni he is asleep, na nimeelewa ukiigeuza moja kwa moja kuwa I have understood pale ambapo Mwingereza angesema tu I understand, utasikika mgeni. Kuna vitenzi visivyofuata kanuni, kama go na went au take na took, ambavyo hakuna lugha nyingine itakayokusaidia navyo, ni kukaa na kukariri. Na vile vinavyotumika zaidi, be, have, do, say, see, come, ndivyo vyenye ukaidi. Kwa hiyo huenda mwalimu aliogopa tusije tukaegemea Kiswahili hata pale ambapo kingetuangusha. Kwa muda fulani nilikuwa tayari kuandika kwamba kozi ni nzuri, ila inahitaji uvumilivu.

Lakini kadiri ninavyoandika naona nilikuwa nampa udhuru ambao yeye mwenyewe hakuutoa. Hakusema kwamba me ina mipaka yake. Hakusema lolote kuhusu me. Mtu anayetangaza darasa la waliosoma kwa Kifaransa, katika mji ambao Kiswahili kimejaa kila kona, anajua wanafunzi wake wana lugha mbili mkononi, na anaamua kuwakata mkono mmoja na kuwatoza kwa damu inayodondoka. Yale mazuri niliyoyasema juu kuhusu s na ed siyafuti, kwa kuwa ni kweli. Lakini siwezi tena kusema yanatosha. Mama yule wa Bukavu, aliyekuwa na maswali mazuri kunizidi, baada ya jioni ile hakuuliza tena kitu. Alikaa nyuma akinakili, na baada ya wiki chache hakuonekana.

Nami nilimaliza miezi miwili nikaacha. Sasa ninajifunza nyumbani, Nkuhungu, na kijana wa jirani anayesoma chuo kikuu. Tunachukua barua za kazini, tunaiandika kila sentensi kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, na Kiingereza kinakuja mwisho. Wiki ya kwanza tulifanya kukanusha tu: hakulipa na hajalipa, hawakuandika na hawajaandika, kila kimoja na mwenzake wa Kiingereza pembeni. Makosa bado ninayafanya, hasa pale Kifaransa kinapowahi kufika mdomoni, ila sasa ninajua yanatoka wapi.

Nilirudi kule ghorofani kuomba shilingi 90,000 za mwezi wa tatu ambao sikusoma. Dada wa mapokezi alinipokea vizuri, akaandika jina langu kwenye daftari, akaniambia: "Kaka, mhasibu atakupigia." Risiti ninayo. Mtu akiniuliza leo kama walinirudishia, sitamwambia hawakunirudishia. Ninamwambia hawajanirudishia, na ninalitumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu bado ninawadai.