Kile kibano: uzoefu wangu na maabara ya kupimisha tando kwa malipo

Nyota moja. Naitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Mwenye muda akae nimweleze, maana hasira yangu haienei kwenye vinyota.

Mimi natengeneza tando nyembamba. Maabara tunaziita filamu, ila nikisema filamu mashemeji zangu wanadhani naigiza. Ni oksidi ya zinki iliyotiwa kidogo kobalti, metali ambayo yenyewe ni ya sumaku. Nanyunyizia kimiminika juu ya kioo kilichopashwa moto hadi nyuzi 400 hivi, kinakauka papo hapo na kuacha utando wa nanomita kama 200. Ugomvi wa kazi hii ulianza mwaka 2000, mwanafizikia Dietl na wenzake walipokokotoa kwamba oksidi ya zinki yenye manganizi inaweza kuwa sumaku hata kwenye joto la chumbani. Nusukipitishi, yaani kitu cha kutengenezea vifaa vya elektroniki, ambacho papo hapo ni sumaku, nani hakitaki? Wapo waliosema wamekiona, wapo walioapa hakipo, na sisi wa kobalti tumo humo humo tunagombana.

Ukinzani wa umeme tunapima wenyewe chuoni. Usumaku hatuwezi, mashine hatuna. Basi mwaka juzi, kama sikosei, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, nikachangachanga hela na kutuma vipande sita kwenye maabara moja ya Ulaya inayopimia watu kwa malipo. Dola 60 kwa kipande. Vitano vilikuwa na utando. Cha sita kilikuwa kioo kitupu, kimekatwa kwenye slaidi ileile (kile kibamba cha kioo cha maabara), hakijapakwa kitu. Sikuwaambia. Niliandika tu namba 6, kama wenzake.

Ya kusubiri tuyaache. Ya forodha pia.

Matokeo yaliingia usiku. Nikafungua grafu ya kwanza: kitanzi. Kile kitanzi cha histerisisi, alama ya kitu kilicho sumaku, tunachokichora kwenye mitihani, kimetuna vizuri kama jani la mwembe, tena joto la chumbani. Ya pili, kitanzi. Ya tatu, ya nne, ya tano. Nilisimama nikazunguka chumba. Nikampigia msimamizi wangu bila kuangalia saa.

"Shikamoo Prof. Tumepata!"

"Marahaba. Namba sita inasemaje?"

Namba sita nilikuwa sijaifungua. Nikaifungua yeye akiwa hewani. Kitanzi. Tena kimenona kuliko cha namba 2.

Prof alikaa kimya, kisha akasema taratibu, "Haya, lala mwanangu," akakata.

Sikulala. Nikairudia ripoti yao kuanzia mwanzo, na ukurasa wa tatu ndipo nilipokiona. Wameweka picha, kwa majivuno kabisa, ya sampuli yangu namba 4 ikiingizwa kwenye mashine. Imebanwa kona na kibano cha stenlesi. Kinang'aa kama kijiko cha harusini.

Asiyejua kwa nini napiga kelele anisikilize. Kipande changu ni milimita 5 kwa 5. Utando wote juu yake hauzidi mikrogramu 28 hivi, na kioo cha milimita moja kilicho chini kinauzidi uzito mara elfu mbili na ushei. Usumaku waliouripoti ulikuwa kama emu 0.00001 (emu ni kipimo cha usumaku). Nilipiga hesabu nyuma ya risiti yao wenyewe: kiasi hicho kinatolewa na chembe ya chuma isiyofika hata mikromita 20 kila upande. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo. Ncha ya kibano ikikwaruza kona ya kioo mara moja tu, chembe inabaki, na mashine haiulizi imetoka wapi.

Wala si siri ya wachache. Mwaka 2004 mwanafizikia Coey na wenzake wa Dublin walitangaza usumaku kwenye tando za oksidi ya hafniamu, kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, dunia ikashangilia. Mwaka uliofuata watafiti wa IBM, kampuni ya kompyuta, wakazipima tando kama hizo wakakuta hazina kitu, ila ukizishika kwa kibano cha stenlesi, usumaku huo! Mimi niliyasoma haya kabla sijagusa hata chupa ya zinki. Leo mtu mwenye mashine ya bei ya nyumba tatu, anayelipwa kwa kazi hiyo hiyo, anashika kipande changu kwa kibano cha stenlesi, halafu anakipiga picha!

Nikawaandikia kwa adabu zote. Nikawaambia namba 6 ni kioo kitupu, nikaomba warudie kwa kibano cha plastiki. Jibu la fundi wao lilikuwa mistari miwili. Kwamba sampuli zilipimwa kama zilivyopokelewa. Na kwamba mteja aangalie usafi wa mazingira yake.

Mazingira yake. Wewe hujawahi kufika kwangu, hujui kama nafagia au sifagii, umeona tu anuani juu ya bahasha ukajua mazingira yangu! Nililisoma neno hilo mpaka likapoteza maana. Niliandika majibu manne, yote nikayafuta, la tano nikalituma na sitalinukuu hapa kwa sababu mama yangu naye anasoma.

Lakini nisiwaonee. Vipande viwili nililipia pia kipimo cha Hall, kinachoonyesha umeme unabebwa na nini, na hicho alikifanya mtu mwingine, dada mmoja ambaye barua zake zilianza kwa salamu. Alibandika indiamu, metali laini ya kushikia nyaya, kwenye kona nne, akagundua mguso wa kona moja ni mbovu, akaurudia bila kunidai senti, kisha akaniandikia alichokifanya na kwa nini. Ukinzani alioupata ulilingana na wangu vizuri mno, na wabebaji wa umeme ni elektroni kama nilivyotarajia. Kazi ile haina doa. Kwa dada yule pekee natoa nyota tano. Kwa hiyo jumla iwe mbili. Tatu? Hapana, mbili, bado nakiona kile kibano.

Sasa naja pale ambapo ningependa kunyamaza.

Nilikuwa nimebakiza kipande cha saba, kitupu, kutoka slaidi ileile. Rafiki yangu anayesoma Afrika Kusini alinipimia bure, kwa kibano cha plastiki, mikono ina glavu. Kina kitanzi. Kidogo, kama theluthi ya kile cha Ulaya, lakini kipo. Akakiloweka kwenye asidi hafifu ya hidrokloriki, akakisuuza, akakipima tena. Kitanzi hakuna. Ukabaki mstari mnyoofu unaoshuka, kama kioo kinavyopaswa kuwa. Maana yake uchafu ulikuwa juu juu, na kipande kilitoka nao nyumbani. (Asikuambie mtu uoshe na zile zenye utando: oksidi ya zinki inayeyuka humo na unabaki na kioo na majuto.)

Nilijua pa kwenda. Slaidi zangu zote alinikatia mzee mmoja fundi vioo, Kariakoo.

"Mzee, samahani, hiki kigurudumu cha kukatia ni cha nini?"

"Cha kukatia vioo, mwanangu."

Ilibidi niombe boksi lake nisome. Kabaidi ya tangsteni. Na kabaidi hiyo kwa kawaida huungwa kwa kobalti. Kobalti, jamani! Kitu kilekile ninachokipima kwa matone ndani ya utando, huenda nilikuwa nakipaka pembeni bure kwa shilingi elfu mbili.

Kwa hiyo yule fundi wa mistari miwili alikuwa na haki? Theluthi, tuseme. Theluthi mbili zilizobaki ni za kibano chake, au ndivyo ninavyoamini nikiwa nimekasirika. Nikiwa nimeshiba naona kwamba vipande viwili vilivyokatwa siku moja havilazimiki kuchafuka sawasawa, na pengine uchafu wote ulikuwa wangu. Halafu nafungua tena ukurasa wa tatu, naiona ile picha, na damu inapanda upya. Mtu anaweza kusema kweli kwa bahati na bado akawa hakukiangalia kipande chako hata kidogo.

Nyota mbili na nusu, kama mfumo ungeruhusu nusu.

Na ndiyo, nawatumia tena. Bei yao ndiyo ninayoimudu, na dada wa Hall bado yupo. Safari hii slaidi nimezikata kwa kalamu yangu ya almasi, vioo nimeviosha kwa asidi kabla ya kunyunyizia, na vitupu nimetuma vitatu, kila kimoja na namba yake ya uongo. Ndani ya bahasha nimeweka kibano cha plastiki, kipya, na karatasi yenye wino mwekundu. Kibano nimenunua kwa hela yangu. Wakikipoteza nitarudi hapa hapa.