Kumkamata mteja anayenunua ngono au kuhalalisha kazi ya kuuza ngono, ipi inamsaidia mwanamke?

Sweden tangu 1999 anayeuza hashtakiwi, anayeshtakiwa ni mteja, na Ufaransa wakaiga 2016 wakaongeza na mpango wa kutoka kwenye biashara hiyo: anayetaka kuacha anapewa kibali cha kukaa cha miezi 6 kinachoweza kuongezwa, hela kidogo ya kujikimu na msaada wa kutafuta kazi. Hapo kwenye hela ndo patamu, maana bila kipato kingine hata mteja akamatwe vipi, kodi ya nyumba bado inadaiwa na huyo dada atarudi tu, tena sehemu za kujificha zaidi.

New Zealand wao 2003 bunge lilipitisha kwa kura 60 kwa 59 (yani padogo sana!) kwamba hii ni kazi kama kazi, wanawake mpaka wanne wanaweza kufanya pamoja bila bosi wala leseni, na ukikataa kuifanya hukatwi posho ya serikali. Mimi hicho kipengele cha posho nakipenda kuliko vyote. Ila mwenye viza ya muda haruhusiwi, so mhamiaji akipigwa anaogopa kwenda polisi asije akarudishwa kwao.