Wachapaji wa matangazo, Kirumba, Mwanza: wanajua kuchagua kitenzi

Ukiwapelekea tangazo la BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) la katazo la nyavu za timba, yaani nyavu za uzi mmoja wa plastiki, wachapaji hawa wa karibu na soko la samaki la Mwaloni hawakimbilii kuchapa. Wanauliza kwanza: katazo liliwahi kuondolewa? Kama ndiyo, wanaandika "linarejeshwa" au "linawekwa tena". Kama lilikuwepo ila limepuuzwa, ni "linatiliwa mkazo upya" au "linakaziwa". Hapo ndipo matangazo mengi huharibika: ukiandika "linarejeshwa", mvuvi aliyekamatwa jana atadai jana halikuwepo, na ana hoja. "Kuamuru tena" wanaikwepa, na wako sahihi kabisa, maana hiyo ni amri tu, haisemi kama inafuatwa.

Herufi zao ni ndogo mno kwa ubao wa matangazo wa ufukweni. Dai karatasi ya A3, ichapwe kwa leza na ipigwe laminesheni. Wino wa maji huchuruzika mvua ya kwanza.