Fundi lifti nimepanda joka, umeme ukakatika tukiwa kwenye kona

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza. Ni kwenye bustani ya michezo hapa Dar: getini mkubwa 5,000, mtoto 3,000. Humo ndani kila mchezo unakatiwa tiketi yake. Joka, yaani kile kitreni cha michezo chenye umbo la joka kinachozunguka juu ya reli zenye vilima, ni 5,000 kwa kichwa, awe mkubwa awe mdogo, na safari yenyewe haizidi dakika tatu. Jumamosi hiyo tulikuwa watano: mimi, mke wangu, mabinti zetu wawili, na shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Abu Dhabi anakofanya kazi. Hadi tunatoka, ukichanganya na chipsi, soda na maji, nilikuwa nimeacha huko kama 90,000. Jina la mahali silitaji. Nina malalamiko yangu mawili matatu na sitaki kumharibia mtu biashara.

Mimi ni fundi lifti, mwaka wa 14 huu nahangaika na maghorofa ya Posta na Upanga. Mtu akishaijua kazi yangu ananiuliza swali lilelile: "Fundi, umeme ukikatika tumo ndani, si tutaporomoka?" Huwa najibu kwamba umeme ndio unaoiachia breki. Ukiondoka, springi zinaibana breki zenyewe. Tangu miaka ya 1850, fundi Elisha Otis aliposimama juu ya jukwaa la lifti kule New York akaamuru kamba ikatwe mbele ya kadamnasi, na jukwaa likang'ang'ania palepale, fani yetu inakula kwenye wazo hilo. Kwa hiyo nikienda kwenye michezo ya namna hii siangalii rangi wala mataa. Naangalia kinachoshika.

Shemeji yeye ni mtu wa mwendo. Kule Abu Dhabi ameshapanda Formula Rossa, ile treni ya michezo iliyofunguliwa mwaka 2010, inayotoka pale iliposimama hadi kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama 5. Abiria wanavalishwa miwani ili mchanga na wadudu wasiwapofushe. SGR yetu ya Dodoma mwisho wake ni 160. Ongeza nusu yake ndiyo hiyo. Basi alipoliona joka letu la kijani, macho ya taa na ulimi mwekundu wa plastiki, akacheka: "Shemeji, hili mbona hata matuta ya barabarani yanalishinda?" Nikamwambia apange foleni kwanza.

Foleni ilikula dakika 40, juani. Kivuli ni kimoja na kilishakaliwa na muuza barafu. Binti mkubwa, wa miaka 11, akaniuliza nani alianzisha haya mambo ya rolakosta, yaani treni za michezo za kupanda na kuteremka vilima, na mimi nikiulizwa mashine sijui kujibu kwa kifupi.

Walioanza ni Warusi, tena kwa barafu. Walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda, kisha wakawa wanateremka kwa visileji, vigari vya kuteleza visivyo na magurudumu. Paris haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mwaka 1817 Wafaransa wakaweka magurudumu, ekseli zikafungiwa kwenye mfereji wa njia ili kigari kisichomoke. Hadi leo Wafaransa wanauita mchezo huu "milima ya Kirusi", na Warusi wenyewe wanauita "milima ya Kimarekani". Binti akasema kumbe ni kama ule ugonjwa ambao kila kijiji kinasema umeletwa na kijiji cha jirani.

Marekani jina ni LaMarcus Thompson, Coney Island, ufukwe wa starehe wa New York, mwaka 1884, nauli senti 5. Abiria walipanda ngazi kwa miguu yao, wakakaa ubavuubavu, wakateremka kwa kilomita kama 10 kwa saa. Bajaji ingewapita huku dereva wake anahesabu chenji. Mwisho wa njia walishuka, wahudumu wakalisukuma gari juu ya mnara wa pili, ndipo wakarudi. Mwaka uliofuata Philip Hinkle akaleta kifaa cha kulivuta gari kilimani likiwa na watu wake ndani. Hapo rolakosta na lifti vikawa ndugu.

Lakini ninayemheshimu mimi ni John Miller. Huyu alikuwa na hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, zaidi ya 100, na mbili kati yake ndizo zilizofungua mlango wa mengine yote. Ya kwanza ni ule mlio mnaousikia kwenye video za wenzetu, treni inapopanda mlima wa kwanza: ka-ka-ka-ka-ka. Watu wanadhani ni mnyororo umechoka. Ni kono la chuma chini ya behewa linaloruka juu ya meno yaliyopangwa kilimani, jino baada ya jino. Mnyororo ukikatika sekunde hiyo, kono linaangukia kwenye jino la karibu na treni haiwezi kurudi nyuma hata hatua mbili. Ni ratcheti tu, ile iliyomo kwenye spana ya kila fundi wa gereji. Ya pili, ya mwaka 1919, ni gurudumu la chini ya reli. Kabla yake gari lilikaa juu ya reli kwa uzito wake, kwa hiyo mlima haukuthubutu kuwa mkali. Miller akaongeza magurudumu yanayoikumbatia reli kwa chini. Ukiweka na yale ya ubavuni, gari limeshikwa pande zote. Tangu hapo mbunifu akawa na ruhusa ya kumnyanyua abiria kitini, tumbo likabaki juu yeye ameshashuka, na gari lisiende popote.

Tulipofika karibu nikainama chini ya joka nikatafuta gurudumu la tatu, lile la chini ya reli. Lipo. Kijana wa tiketi akanitazama kama mwizi wa vyuma chakavu.

Sasa, kwa ukali wa maneno, joka si rolakosta kamili. Rolakosta inapandishwa mara moja, kisha inaachiwa uzito wake ufanye kazi hadi mwisho. Joka lina mota humohumo mabehewani, na linanyonya umeme kwenye reli iliyopita katikati, kwa brashi za kaboni kama za mota yoyote kubwa. Ndiyo maana halina mnyororo wala ka-ka-ka, na ndiyo maana linaweza kuzunguka mara nne bila kupumzika. Ni mashine ya heshima kwa watoto. Ila umejua tayari udhaifu wake uko wapi, na sisi tunaishi Dar.

Tukakaa. Mimi na binti mkubwa mbele, shemeji na mdogo nyuma yetu. Mke wangu alibaki chini na mikoba, kasema yeye ujana wake aliumaliza kwenye bembea za Idi pale Mnazi Mmoja. Kijana mmoja akapita behewa kwa behewa, akalisukuma kila fimbo la kifuani kwa mikono miwili. Hapo nawapa alama zote. Nimeona mafundi wenzangu wanaokagua kwa macho tu.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wa pili likapata mwendo, kona ya juu ikatutupa ubavu kweli, mdogo akapiga kelele za furaha na shemeji akapiga kelele ambazo sikuzielewa. Mzunguko wa tatu muziki ukanyamaza. Kisha feni za kibandani. Joka likajivuta hadi kwenye kona ileile ya juu, likaguna, likasimama. Tukawa tumeinama upande, chini yetu kama mita tatu na nusu, na eneo zima kimya hadi nikasikia mafuta ya chipsi.

"Baba, tutaporomoka?"

Miaka 14 najibu swali hili, sijawahi kulijibu nikiwa nimefungwa fimbo kifuani.

Nikamwonyesha kwamba halirudi nyuma, breki za mota zimejibana. Shemeji, sauti imepungua, akauliza na ile yake ya kilomita 240 umeme ukikatika inakuwaje. Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Nikamweleza kwamba kinachosimamisha hizi mashine mpya siku hizi ni sumaku. Sahani ya shaba au aluminiamu inapita kasi katikati ya sumaku za kudumu. Mwendo wenyewe unazalisha umeme ndani ya sahani, na umeme huo unapingana na mwendo. Hakuna kugusana, hakuna waya, hakuna swichi. Kadiri unavyokuja kwa kasi ndivyo unavyozuiwa zaidi. TANESCO wakate, wasikate, sumaku haina habari. Nyumbani nilimwonyesha binti: kipande cha bomba la shaba la kiyoyozi na kisumaku kidogo chenye nguvu. Ukikidondosha ndani kinashuka polepole kama kinasita, na shaba haivutwi na sumaku. Amerudia mara ishirini.

Mfano ninaoupenda ni rolakosta ya Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, iliyofunguliwa 2005. Kimo chake mita 139, si mbali sana na yale maghorofa pacha ya PSPF pale Posta. Mafuta yenye shinikizo yalizungusha ngoma ya kebo, kebo ikaitupa treni kwa kilomita 206 kwa saa, ikapanda wima. Sasa siku nyingine upepo mkali au baridi, treni inafika karibu na kilele, nguvu inaisha, inarudi kinyumenyume kwa kasi ileile. Ungedhani ni maafa. Lakini wabunifu waliliwaza hilo tangu kwenye karatasi: treni ikishapita, sahani za breki zinachomoza kwenye njia ya kuondokea, na ikirudi inazikuta zinaisubiri. Watu walishuka wakitetemeka, wengine wakafurahi kuipata safari hiyo adimu. Waliibomoa kwa baruti Februari 2025, na mimi nilisikitika kama jirani.

Shemeji akasema basi na wapinduaji, wale wa kichwa chini. Dakika zilikuwa zipo, nikaendelea. Mwaka 1895, Coney Island hukohuko, walijenga pete ya duara kamili. Inakadiriwa abiria alikandamizwa hadi mara 12 ya uzito wake, shingo zikaumia, biashara ikafa. Kosa lilikuwa umbo: ukitoka kwenye njia nyoofu ukaingia duara ghafla, mzigo wote unakupiga kwa mara moja. Mjerumani Werner Stengel alilitatua kwenye Revolution ya California, 1976: pete yenye umbo la tone la maji, kona inakaza kidogokidogo hadi juu halafu inalegea. Wajenzi wa reli wanaiingiza kona yao hivyohivyo. Reli zenyewe zilishakuwa za mabomba ya chuma tangu Matterhorn ya Disneyland mwaka 1959, na bomba unalikunja utakavyo, tofauti na mbao. Baadaye zikaja za kurushwa kwa mota iliyokunjuliwa: chukua mota ya duara, ikate, itandaze chini kama mkeka, ndiyo hiyo. Kuna na zile za kuvaa miwani ya kompyuta, zilianza Ujerumani 2015. Zikaleta foleni ndefu kwa sababu kila miwani lazima ifutwe jasho la aliyetangulia. Sikuzililia zilipopungua.

Dakika 25. Hapa ndipo malalamiko yangu. Kwanza, hakuna aliyetuambia neno. Kipaza sauti kinategemea umeme uleule, sawa, lakini mdomo hautegemei. Sisi kwenye lifti jambo la kwanza ni sauti ya mtu: tumewaona, kaeni, tunakuja. Pili, jenereta ipo ila mwenye ufunguo alikwenda kula. Tatu, ngazi waliyoileta ilikuwa fupi, wakarudi nayo, wakaleta ndefu, na jenereta ikaunguruma kijana akiwa ngazi ya pili. Tena pale mlangoni hakuna mstari wa kupima urefu wa mtoto. Wanakisia kwa macho. Huyu mdogo wangu wa miaka 6 ni mrefu, wakampitisha, lakini wa mtu mwingine?

Meneja alikuja, hakubisha. Aliomba radhi kwa adabu, akatupa safari ya pili bure, na nilipomwambia habari ya kipimo cha urefu akachukua chaki akauliza iwe sentimita ngapi. Nikamwambia kaangalie kwenye kibati cha kiwanda, si kwangu. Kibati kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani pamoja na joka. Tukakikwangua kwa kisu cha muuza chipsi hadi namba ikaonekana. Nimepita tena wiki iliyofuata, mstari upo, mwekundu.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nendeni asubuhi, saa tatu hadi saa tano, kabla ya foleni na jua. Bebeni maji yenu. Na kaeni behewa la mwisho: la mbele linapofika kileleni linasitasita, ila la nyuma linavutwa na wenzake walioshaanza kuteremka, linavuka kilele mbio na ndilo linalomnyanyua mtu kitini.

Safari ya pili shemeji ndiye aliyetangulia kukaa huko nyuma, nami nikamfuata. Tulivuka kile kilima mara nne. Kofia yangu ilibaki kwenye mara ya pili, ikalala chini ya reli upande wa ukuta, na yule kijana akasema hairuhusiwi kuingia kuifuata hadi jioni wakizima.