Glavu za Bustani: Zipi Ununue, na Lini Uache Mikono Mitupu

Ukiingia hadwea ukaulizia glavu za bustani, muuzaji atakutolea alizonazo, na mara nyingi ni zile zile anazowauzia mafundi ujenzi. Wala usinune. Kati ya hizo zimo zinazofaa kuliko zile za maua maua zinazoning'inizwa supamaketi. Kinachowaponza watu ni kununua jozi moja, wakapalilia nayo, wakashikia samadi, wakakatia michongoma, na jioni wakaivaa kupiga dawa nyanya. Muda si mrefu imetoboka vidole, nao wanaamua kwamba glavu ni mapambo.

Mpangilio huu umemlenga mwenye bustani ya nyumbani: matuta ya mchicha na matembele, nyanya kidogo, migomba pembeni, na ua la bogenvilia au michongoma. Mfanyakazi wa mashamba ya waridi ya Naivasha ana mahitaji mengine. Mikono mitupu nimeipa nafasi yake kwenye orodha, maana ndiyo mshindani wa kweli. Wengi wetu hatuchagui kati ya glavu hii na ile. Tunachagua kati ya glavu na kutovaa kitu.

Ya kwanza: nailoni iliyopakwa nitrili kiganjani

Hizi ni nyembamba, zimefumwa kama soksi. Mgongoni ni kitambaa kitupu, kiganjani na vidoleni zimechovywa kwenye nitrili, yaani mpira wa kiwandani. Madukani nyingi ni za kijivu na nyeusi. Nikiambiwa nichukue jozi moja tu, nachukua hizi. Mgongo unapitisha hewa, kwa hiyo hata kwenye jua la saa tano la Dar es Salaam mikono haiogelei jasho. Kidole bado kinahisi, na unaweza kushika gugu changa shinani ukaling'oa na mzizi wake. Tope halipenyi kiganjani, na samadi mbichi ya kuku, yenye bakteria wanaoharisha watu, haiingii kwenye kucha.

Ila sababu kubwa ni udongo wa mjini wenyewe. Viwanja vingi vya uswahilini viliwahi kuwa na jalala kwenye kona fulani. Chimba tuta, utakutana na vipande vya chupa, misumari yenye kutu, nyembe, na mara moja moja sindano. Kwa sindano, nitrili haikusaidii. Kwa kipande cha chupa kinachopita juu juu, inatosha kufanya kilichokuwa kiwe mkato kiishie kuwa mkwaruzo. Na hapa kuna jambo ambalo muuza glavu hana sababu ya kukwambia: bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na kinga yake ni chanjo, si glavu. Akina mama huipata kliniki wakiwa wajawazito. Akina baba, jiulizeni mara ya mwisho ilikuwa lini.

Udhaifu wake uko wazi: mwiba mwembamba unapita, na ule mgongo wa kitambaa unazifanya zisifae kabisa kwa dawa. Kidole gumba na cha shahada ndivyo huanza kutoboka. Lakini ni za bei ndogo, na kununua jozi nyingine hakumuumizi mtu.

Ya pili: mikono mitupu

Ndiyo, juu ya glavu za ngozi na juu ya aina nyingine zote isipokuwa ile ya kwanza. Zipo kazi ambazo glavu yoyote ni kizuizi. Mbegu za mchicha, ndogo kama mchanga, zinatawanywa kwa vidole vinavyojua vimeshika kiasi gani. Mche wa nyanya unaupandikiza ukiushika jani, kwa sababu jani likivunjika litaota jingine, lakini shina likiminywa mche umekwisha. Ukivaa glavu hujui unaminya kwa nguvu gani. Unyevu wa udongo nao unapimwa kwa kidole.

Halafu kuna ndago. Ukiivuta ndago kwa glavu, majani yanakatikia mkononi, kiazi kinabaki chini, na baada ya siku chache iko pale pale ikikuangalia. Kidole kitupu kinafuata kile kizizi chembamba kwenye udongo uliolowa mpaka kwenye kiazi chenyewe, kisha mpaka kwenye kiazi kinachofuata, maana vimeunganika. Ni kazi ya kukaa chini kwenye kigoda. Hakuna glavu niijuayo inayoiweza.

Hata kwenye jembe, mwenye sugu zake hahitaji kitu. Glavu pana inayozunguka kwenye mpini huleta malengelenge upesi kuliko ngozi yenyewe.

Masharti yapo. Mwenye kidonda mkononi avae. Minyoo ya safura tumezoea kuihusisha na kutembea pekupeku, lakini viluwiluwi vyake hupenya hata ngozi ya mkono, kwa hiyo udongo wa mahali ambapo watu hujisaidia si wa kushikwa hivi hivi. Mama mjamzito avae kila anapogusa bustani ambayo paka wameifanya choo, kwa kuwa kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ukikata mnyaa vaa glavu, na usijiguse uso: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda. Magimbi mabichi yanawasha. Upupu sina haja ya kuueleza. Na mvuta sigara, kabla hajashika nyanya, anawe kwa sabuni, kwani virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwa vidole na kuingia kwenye mmea.

Ya tatu: nitrili nzito ndefu, kwa dawa peke yake

Kama hupigi dawa, ruka sehemu hii. Kama unapiga, hizi ndizo za kwanza kwako na hazina mbadala. Ni nene, mara nyingi za kijani, hazina kitambaa ndani, na zinapanda kuelekea kiwiko. Unene wa takriban milimita 0.4 unatosha.

Wengi huvaa, kama wanavaa, wakati pampu iko mgongoni. Wakati wa hatari zaidi ni kabla ya hapo: unapopima dawa kutoka kwenye chupa, haijaguswa na tone la maji. Glavu ya pamba ikilowa hapo ni mbaya kuliko mkono mtupu. Mkono ungeunawa pale pale. Kitambaa kinaigandisha dawa kwenye ngozi mpaka kazi iishe. Glavu ya ngozi ni vivyo hivyo, tena haifuliki. Ile mipira ya njano ya kuoshea vyombo ina manyoya ya pamba ndani, dawa ikivuja yanainyonya, na mpira wake wa asili unaharibiwa na viyeyusho vilivyomo kwenye baadhi ya dawa. Ngozi ya binadamu si ukuta. Mvunaji wa tumbaku akishika majani yenye umande kwa mikono mitupu, nikotini inaweza kumpenya ngozini ikamletea kizunguzungu na kutapika, hata kama hajawahi kuvuta sigara maishani.

Dukani tafuta picha ya chupa ya maabara ndani ya ngao pamoja na maandishi EN ISO 374-1, yaani imepimwa kwa kemikali. Kipo pia kiwango cha mwaka 2019 kilichoandikwa kwa ajili ya viuatilifu tu, ISO 18889: G1 ni kwa dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji, G2 ni hata kwa ile kali ya kwenye chupa, na GR inakinga upande wa kiganja tu, kwa anayeingia shambani dawa ikiwa imekauka. Ukiiona G2, chukua.

Namna ya kuzivaa ina maana kama namna ya kuzinunua. Ukipiga dawa mimea ya chini, mikono ya shati ikae juu ya glavu ili matone yasitiririkie ndani. Ukipiga mwembe, mikono imeinuliwa, basi glavu ndiyo ikae juu ya shati na ukingo wake ukunjwe kwa nje. Zioshe kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue. Ziandike kwa maka peni neno DAWA ili mtoto au dada wa kazi asije akazichukua kuoshea bafu.

Ya nne: ngozi

Hizi ni za miiba: bogenvilia, waridi, michongoma, ndimu, mkonge. Usidanganywe na glavu fupi nzuri ya ngozi ya mbuzi. Ni laini, kweli, lakini bogenvilia haikuchomi kiganjani, inakuchana kigasha. Nunua zile za mafundi wa kuchomelea, za ngozi nene ya ng'ombe, zinazofika katikati ya mkono. Zipo karibu kila hadwea. Ni ngumu, huwezi hata kuokota msumari nazo, lakini kwa kuburuta matawi na kushika panga zinatosha. Mwiba wa waridi ni wa kuheshimiwa, kwani unaweza kupandikiza kuvu chini ya ngozi, na kidonda kikaja kujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati umekwisha kuusahau ule mchomo.

Ngozi na maji haviivi. Ikilowa usiianike juani, itakakamaa. Iache kivulini ikauke taratibu.

Zilizobaki

Glavu za lateksi, yaani mpira wa asili, iliyokunjamana kiganjani, zile nene za njano au chungwa, zinashika vizuri sana kitu chenye maji, na kwa kubeba matofali au magogo ya migomba sina neno. Kwa kupalilia ni nzito, na wapo ambao ngozi zao hazipatani na mpira wa asili. Glavu za pamba zenye vidoti ndizo rahisi kuliko zote, na zinafaa kwa reki, fagio na toroli siku ya ukame. Udongo ukiwa na maji ni matambara. Za hospitali, nyembamba za kutupa, zinachanika kwenye kijiti cha kwanza. Nazitumia kwa kazi moja tu: kuchanganya samadi kidogo kwenye udongo wa kitalu, kisha nazitupa.

Ukiwa dukani

Utasikia, "Dada, hizi frisaizi, zinamwingia yeyote." Si kweli. Nyingi zinazoletwa ni namba 9 na 10, na mwanamke mwenye mkono mdogo akizivaa ncha za vidole zinabaki zikining'inia, kitu ambacho ni hatari ukishika mkasi wa kupogolea. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini kidogo ya vifundo vya vidole, ukiacha gumba. Sentimita 18 ni namba 7, sentimita 20 ni namba 8, 23 ni namba 9, na 25 ni namba 10. Namba huwa imechapwa kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.

Hapo hapo huenda ukaona ngao yenye picha ya nyundo na tarakimu nne, kwa mfano 4131. Hiyo ni EN 388, kiwango cha kupimia uimara wa glavu. Ya kwanza ni uimara dhidi ya kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. Kwa bustani angalia ya kwanza, iwe 3 au 4. Ya nne isikutie moyo sana, kwa sababu kipimo chake kinatumia chuma chenye ncha butu kiasi, si mwiba wa waridi. Na tarakimu ni wino tu, yeyote anaweza kuzichapa. Vuta ile nitrili kidogo kwa kucha, ikibanduka kama ganda la rangi, rudisha.

Zile za dawa zipime nyumbani kila kabla ya kazi: jaza hewa, sokota mdomo wake, zitumbukize kwenye ndoo ya maji. Ikitoa mapovu, ikate vidole kwanza ndipo uitupe, asije mtu akaiokota na kuivaa.