Nilinunua printa au nimekodishwa?

Printa yenyewe inatoa picha nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza kulalamika sitalikumbuka tena. Ni hizi mpya za katriji sita, yaani vikopo sita vya wino, ambazo sayani (ile bluu) na majenta (ile pinki) zipo mbilimbili, ya kukolea na ya kupauka. Hizo za kupauka ndizo siri yake. Kwenye printa ya rangi nne, pale taa ya studio inapogonga paji la uso, ngozi hutoka vipunjepunje. Hapa inatoka laini, na mtu wa maji ya kunde anabaki wa maji ya kunde.

Studio yangu ni ndogo: paspoti saizi, kipaimara, sendofu, na picha za marehemu watu wanazotaka zikuzwe. Kabla sijatoa hela pale Kariakoo nilimuuliza muuzaji waziwazi, hii inajazwa wino? Akacheka. "Mama, ipi isiyojazwa? Bongo hii!" Akanipa na namba ya fundi wa kujaza. Risiti ya EFD ninayo mpaka leo.

Na ilijazwa, tena bila taabu. Fundi alikuja na katriji zake za plastiki angavu, chupa sita za wino na mabomba ya sindano, kila rangi na bomba lake. Akanionyesha: unachomoa kizibo cha mpira, unasukuma taratibu, wino unateremka ukutani mwa katriji. Ukiharakisha unaingiza povu, hedi, ile sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, inavuta hewa, picha inatoka na mistari. Akanieleza pia habari ya chipu, ile kisahani kidogo cha rangi ya dhahabu ubavuni. Mimi siku zote nilidhani inapima wino. Kumbe inahesabu matone. Ikifika idadi iliyopangwa inatangaza katriji tupu, hata kama wino bado unacheza ndani. Hizi za fundi zilikuwa na chipu ya kujiseti: ukizima na kuwasha, inarudi mwanzo.

Nilifanya kazi hivyo miezi mingi, roho kwatu.

Halafu ikaja Januari, shule zinafunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni na watoto wanaotakiwa kubandika picha kwenye fomu za kujiunga. Nawasha printa, taa inamulika, kioo kinasema katriji hazitambuliki. Zote sita. Zilezile zilizochapa jana yake jioni! Wino umejaa, unauona kwa macho. Mpwa wangu akapekua kwenye menyu akagundua usiku printa ilijisasisha yenyewe kupitia Wi-Fi. Haikuuliza mtu. Nilikuwa nimeiunganisha na Wi-Fi kwa sababu wateja wanapenda kutuma picha moja kwa moja kutoka kwenye simu, na hilo lenyewe ndilo wanalolitangaza kwenye boksi.

Wateja wote wakahamia kwa jirani. Mimi nikaibeba printa kwenye bajaji, nimeipakata, hadi ofisi ya huduma ya kampuni.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, mengine yote ni mapambo. Kijana wa kaunta ana umri wa mwanangu wa kwanza. Shikamoo hakuna, karibu hakuna. Alifungua kifuniko, akachungulia, akachomoa katriji ya majenta kwa vidole viwili kama anayetoa panya aliyekufa nyuma ya kabati, akailaza juu ya tishu nyeupe. Akasubiri, kimya. Wino ukaanza kusambaa kwenye tishu, pinki, taratibu, na yeye anautazama mpaka umalize.

"Hii nini?"

"Wino."

"Wino wa nani?"

"Wangu. Nimeununua."

"Mama, dhamana yako hapa imekufa. Mmezoea kuchakachua." Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Mwingine huyu."

Mwingine huyu! Nimchakachulie nani? Printa yangu, wino wangu, picha nazitoa mimi na mteja anaiona kabla hajalipa. Nikajishika. Nikamuuliza mashine imeharibika wapi. Hedi imeziba? Hapana. Kuna kilichovunjika? Hapana. "Haijaharibika mama, imejilinda." Imejilinda dhidi yangu, mimi niliyeilipia. Akaongeza kwamba chipu ipo kwa usalama wa mashine, akanisukumia karatasi ya bei.

Ile karatasi ndiyo iliyonimaliza. Seti ya katriji sita za kampuni inakaribia bei ya printa yenyewe. Na hizo zinazokuja ndani ya boksi usizihesabu, maana mara ya kwanza sehemu ya wino wake huishia kuijaza hedi kabla hujatoa hata picha moja ya mtoto.

Kuhusu huo usalama wa mashine, mpwa wangu alinisomea jambo usiku ule nikashindwa kulala. Mwaka 2022, chipu zilipoadimika duniani, Canon huko Ujerumani waliuza katriji za toni, yaani wino wa unga, zisizo na chipu kwa mashine zao za ofisini, na wenyewe wakawaelekeza wateja namna ya kulipita onyo waendelee kuchapa. Zile ni mashine za toni, si za picha, na najua kijana wa kaunta angelirukia hilo. Lakini chipu ni chipu. Na Epson tangu mwaka 2010 wanauza printa za matangi, walianzia Indonesia, ambazo mteja anamimina wino wa chupa kwa mkono wake sebuleni. Kwa hiyo kujaza si dhambi, mradi chupa iwe yao.

Nilimrudia na muuzaji wa Kariakoo. Hata hakuinuka kwenye stuli. "Mama, si ilijazwa?" Ilijazwa, ndiyo. Nikakosa la kusema.

Nikanunua seti ya kampuni, kwa shingo upande, kwa sababu Januari haisubiri. Sasa niseme na la upande wao, na naandika hili nimekunja uso. Kuna mama wa mtaani kwetu nilimkuzia picha ya marehemu baba yake kwa wino wa chupa. Akaitundika ukutani mkabala na dirisha. Baada ya miezi akanirudishia: majenta imekimbia, mzee uso umekuwa wa kijani, shati jeupe limeingia utandu. Hakugomba, aliuliza tu kama naweza kuirudia. Nikairudia bure kwa wino wa kampuni, na juzijuzi nimepita kwake nikaiangalia, iko ukutani palepale, mzee bado ana rangi yake. Kwenye wino, basi, wana hoja, tena hoja nzito. Lakini yule kijana angeweza kunieleza hivyo kwa sentensi moja: mama, picha ya kutundika itumie wetu, huo wa chupa unapauka. Ningemshukuru. Yeye akachagua kuniita mchakachuaji mbele ya watu.

Na paspoti je? Picha inabandikwa kwenye fomu, inagongwa muhuri, inafungiwa kabatini mahali jua haliingii. Wino wa kudumu miaka na miaka wa nini? Ningepewa uhuru ningetumia wa chupa kwa paspoti na wa kampuni kwa picha za ukutani, kila mtu ale. Hata wao wangekula, maana hizo za ukutani ndizo zinazomaliza wino.

Baada ya Januari nimepata fundi mwingine, mtulivu, mwenye chipu zinazokubaliwa na programu hiyo mpya. Zinafanya kazi. Wi-Fi nimeizima kabisa, natumia waya, na mteja akitaka kutuma picha anaileta kwenye WhatsApp, naiingiza kwenye kompyuta. Majenta ya kupauka ya fundi huyu naiona inaelekea kidogo kwenye zambarau, kwa hiyo weusi wetu unahitaji kurekebishwa kabla ya kuchapa. Nimezoea.

Nyota? Nilipanga kutoa moja. Nikiangalia picha zinazotoka, nasema nne, na studio nyingi za hapa hazinifikii. Nikikumbuka "mwingine huyu" narudi kwenye moja, na hiyo moja ni ya waliobuni hedi, si ya walioandika programu. Ukitaka kuinunua inunue, lakini siku ya kwanza kabisa zima kujisasisha kabla hujaiunganisha na chochote, na usiisafishe hedi ovyo ukiona mstari mmoja. Kila usafishaji unanyonya wino wa rangi zote sita, hata zisizo na shida, na wote unamwagwa kwenye pedi iliyo chini ya mashine.

Nayo hiyo pedi ina hesabu yake. Tangu juzi kioo kimeanza kuniambia inakaribia kujaa, niwasiliane na huduma kwa wateja. Kaunta ni ileile. Safari hii namtuma mwanangu wa kwanza.